Shangazi, nimepangiwa kusafishwa kizazi Alhamisi na kila mtu ana lake la kusema

Hujambo Shangazi,

Nina miaka 29, naishi Kayole na mume wangu. Tuna miaka mitatu ya ndoa na hii ndiyo mimba yetu ya kwanza. Kwa hesabu ya hedhi nilikuwa nimeingia wiki ya kumi. Jumatatu wiki hii niliona matone ya rangi ya kahawia, si mengi, nikaenda kliniki moja ya kibinafsi hapa mtaani. Aliyenipiga skani alinyamaza muda mrefu akigeuzageuza kile kifaa, halafu akaniambia nivae nikamngoje daktari. Hapo hapo nikajua.

Daktari alisema kijusi kiliacha kukua siku nyingi, kina ukubwa wa wiki saba, na moyo haupigi. Kwenye karatasi wameandika urefu ni milimita 11. Akanipangia kusafishwa Alhamisi wiki ijayo, shilingi 45,000, na nije na mume wangu atie sahihi. Nikitoka, mwanamke wa mapokezi akaniuliza mbele za watu, "Lakini wewe ulimeza nini?" Shangazi, sijameza kitu ila vidonge vya foliki nilivyopewa kliniki.

Shida ni kwamba bado najisikia mjamzito. Matiti yanauma na asubuhi natapika. Mama mkwe yuko Kitui, anasema kuna watoto hujificha, nikatae kusafishwa, niende nyumbani anipeleke kwa mama mmoja anayekanda tumbo na kutoa dawa za miti. Mchungaji wetu kaniambia nisitie sahihi kifo cha mtoto wangu wakati Mungu bado anafanya kazi. Jirani wa mlango wa pili anasema nikimbie leo hii, eti kitu kikifia tumboni huingiza sumu kwenye damu. Wa chini anasema dada yake alisafishwa mara moja tu na hajapata mtoto hadi leo.

Mume wangu hasemi kitu. Anarudi kazini, anakula, anawasha TV. Nikimuuliza tufanye nini ananiambia, "Utakavyoamua ni sawa." Mimi ni keshia wa supamaketi, nasimama kutwa, na wiki moja kabla ya skani nilisaidia kuinua kreti za soda. Je, ni hizo? Naogopa maumivu, naogopa kuharibiwa kizazi, na zaidi ya yote naogopa kupanda kile kitanda kumbe mtoto yu hai. Hata kazini sijui niseme nini. Nisaidie haraka.

Aliyechanganyikiwa, Kayole

*

Mwanangu, pole. Pole sana. Kwa kuwa Alhamisi yako ilikuwa karibu nilikutumia jibu hili mwenyewe kwanza, na sasa nalichapa kwa ruhusa yako, maana wako wengine wenye karatasi kama hiyo mkobani na hawajamwambia mtu.

Nianze na hofu iliyo nzito kuliko zote, ya kwamba huenda mtoto yu hai. Daktari hakukisia. Kuna kipimo kinachofuatwa: kijusi kikiwa na milimita 7 au zaidi kwa skani ya kupitia ukeni, na mapigo ya moyo hayaonekani, mimba hiyo imeharibika. Mpaka huo uliwekwa juu makusudi, ili asije akaondolewa mtoto aliye hai. Chako kina milimita 11. Najua utaniambia pengine ulikosea tarehe. Inawezekana, na tarehe ikikosewa kijusi huonekana kidogo kuliko ulivyotarajia. Lakini udogo haunyamazishi moyo. Moyo wa kijusi huonekana ukipiga tangu kwenye wiki ya sita hivi, kikiwa na milimita chache tu.

Kutapika na matiti kuuma kusikudanganye. Dalili hizo zinaletwa na homoni, na kondo la nyuma linaweza kuendelea kuzitoa wiki kadhaa baada ya kijusi kusimama. Ndiyo maana mwili haujafungua mlango wa kizazi.

Hata hivyo, nataka urudie skani. Mimi sina shaka kubwa. Nakuambia hivyo kwa sababu wewe unayo, na hupaswi kupanda kitanda kile ukiwa nayo. Nenda Jumatano, mahali pengine, kwa mpigaji mwingine, uombe ile ya kupitia ukeni na uibebe karatasi ya kwanza. Zitakuwa zimepita siku tisa. Kijusi kilicho hai katika umri huo hukua kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo kingekuwa kimekaribia milimita 20 na moyo unapiga kwa kasi mpaka mtu asiyejua kusoma skani auone. Kikiwa pale pale kwenye 11, umepata jibu lako kwa macho yako mwenyewe. Mwombe akugeuzie skrini ukitaka. Usipotaka pia ni sawa.

Mchungaji mwambie kwa heshima kwamba skani ya pili haimzuii Mungu. Na ikithibitika, mwambie pia kwamba sahihi yako haiui mtu. Mtoto ameshaondoka kabla hujashika kalamu. Maneno yale aliyokuambia ni mazito kumtwika mwanamke aliye katika hali yako, na kama anasoma safu hii nayasema akinisikia.

Jirani wa mlango wa pili naye apunguze moto. Hakuna sumu inayoingia kwenye damu kwa sababu tu moyo umesimama. Wanawake wengi hungoja wiki kadhaa mimba itoke yenyewe, chini ya uangalizi, na wanapona vizuri. Kinacholeta hatari ni maambukizi au damu kuzidi, na hayo yana dalili zake, nitazitaja. Kwa hiyo Alhamisi ni miadi tu. Unaweza kuisogeza, unaweza kubadilisha kliniki. Usiiache tu ikageuka miezi bila mtu kukuangalia.

Jambo ambalo daktari wako, kwa unavyosimulia, hakukueleza ni kwamba una njia tatu. Ya kwanza ni kungoja. Inafaa kwa mwanamke mwenye subira, aliye karibu na hospitali, asiyesumbuliwa na kutojua itakuwa siku gani. Ya pili ni vidonge vya kuufanya mlango wa kizazi ufunguke na kizazi kisukume. Hivi viandikwe na daktari, usivinunue kwa mtu aliyekunong'onezea River Road. Kwa kadiri ya wanawake wanane kati ya kumi vinamaliza kazi, waliobaki huishia kusafishwa. Utakuwa nyumbani, lakini utatoka damu nzito yenye mabonge kwa saa kadhaa na tumbo litauma kushinda hedhi yoyote uliyowahi kuiona. Kama choo chenu ni cha kugawana na ghorofa nzima, lifikirie hilo, maana daktari hatakuuliza.

Ya tatu ndiyo kusafishwa. Kwa barua yako ilivyo, skani ya pili ikikubaliana na ya kwanza, mimi ningekushauri hii. Umejaa hofu, na ukingoja hutajua itatokea lini, na unasimama kwenye kaunta mbele ya watu kutwa nzima. Mwingine mwenye nyumba yake na mama yake karibu ningemwambia achague vidonge. Wewe nakuona unahitaji siku yenye tarehe.

Ila uliza swali moja kabla hujalipa hata shilingi: mnasafisha kwa kufyonza au kwa kukwangua? Shirika la Afya Duniani linashauri kufyonza, na limesema wazi kwamba ule mtindo wa zamani wa kukwangua kwa chuma chenye makali uachwe. Kwa mimba changa kama yako kufyonza kwa mkono kunatosha. Wakikujibu kukwangua, chukua karatasi zako uende kwingine. Hospitali nyingi za umma hapa Nairobi wana vifaa vya kufyonza, wala si teknolojia ya matajiri.

Nimekuwa mkunga miaka mingi, kwa hiyo ngoja nikueleze unachokwenda kukiona, maana hofu yako nyingine ni ya kitu ambacho hujakiona. Kwanza watakupa dawa ya maumivu, mara nyingi ibuprofeni, ile watu wanaiita brufen, nusu saa au saa moja kabla. Wengine hukupa pia kidonge cha kulainisha mlango wa kizazi saa chache mapema, na hicho peke yake kinaweza kukuletea maumivu ya tumbo na damu kidogo, usishtuke. Utalala kama mtu anayepimwa saratani ya mlango wa kizazi, na kifaa cha kufungulia uke ni kile kile. Watakudunga ganzi kuzunguka mlango wa kizazi. Inachoma, kisha inakufa ganzi. Bomba la kufyonzea ni kama sindano kubwa ya plastiki isiyo na ncha, inabeba mililita 60, na mbele yake kuna mrija mwembamba unaopinda. Hakuna umeme, hakuna mngurumo. Utasikia mvuto mdogo na maji, na tumbo litajikaza kwa nguvu, hasa mwishoni, kwa sababu kizazi kinarudi udogo wake. Kazi yenyewe huwa dakika 5 hadi 15. Kuna dakika mbili au tatu humo zinauma kweli, sitakuficha. Mwambie muuguzi mapema, "Nishike mkono ukiona tunafika hapo." Wengi watakushika.

Mhudumu mzuri huangalia kilichotoka ili ahakikishe hakuna mabaki. Unaweza kuomba uone, unaweza kusema hutaki. Ukitaka kujua kitafanyiwa nini, uliza kabla, baadaye huwa kimeshapelekwa. Daktari akishuku mimba ya zabibu, yaani kondo lililokua vibaya kama kishada cha zabibu, atapeleka sampuli maabara, na hapo fuatilia majibu hadi uyapate mkononi.

Kuhusu dada ya jirani. Makovu ndani ya kizazi yapo, na kizazi kutobolewa kupo, lakini ni nadra, na makovu hutokea zaidi kwa kukwanguliwa, hasa mara kwa mara, au maambukizi yakiingia yasitibiwe. Huyo dada sijui kilichompata, na jirani naye hakijui. Kusafishwa mara moja kwa kufyonza, mahali safi, hakukufungii uzazi.

Sasa zile 45,000. Waombe wakuandikie mchanganuo. Mara nyingi kinachopandisha bei ni chumba cha upasuaji, mtaalamu wa nusu kaputi na kitanda cha kulala, na kwa kufyonza kwa ganzi huenda huhitaji hata kimoja. Wapo wanaotaka nusu kaputi wasisikie lolote, ni haki yao, ila iwe umeichagua wewe. Na kabla ya kuanza harambee kwenye WhatsApp ya familia, uliza kama hospitali unayoiendea ina mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kama malipo yako yamefika.

Sahihi ya mume haitakiwi. Wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa mwenyewe aelezwe na akubali. Akija, aje kukushika mkono. Na yule wa mapokezi, mwanangu, lile swali halikumhusu. Mimba iliyoharibika yenyewe si kosa mbele ya sheria yoyote ya Kenya, na kutibiwa kwake si kutoa mimba. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya huduma za afya, ikiwemo afya ya uzazi, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ukiulizwa tena, jibu, "Nimekuja na skani," umpe karatasi, unyamaze. Hudaiwi maelezo na mtu asiyekutibu.

Kwa mama mkwe usiende sasa. Kukandwa tumbo kwenye hali hii kunaweza kukuletea damu ukiwa mbali na hospitali, na dawa za miti za "kusafisha", za kunywa au za kuweka ukeni, nimeona zikiwarudisha wanawake wodini wakiwa na homa na harufu. Usimgombeze lakini. Mpigie umwambie, "Mama, nimerudia skani, mtoto hayupo tena. Nikipona nitakuja nyumbani unipikie." Mwanamke wa rika lake aliyezaa kijijini huenda naye amepoteza na hakuna aliyemuuliza. Unaweza kushangaa atakachokuambia siku hiyo.

Kreti za soda hazikufanya hivi. Wala kusimama, wala ngazi, wala boda boda, wala kugombana na mtu. Karibu nusu ya mimba zinazoharibika miezi mitatu ya kwanza huwa zina kasoro ya kromosomu tangu mbegu na yai vilipokutana, na katika kila mimba kumi zinazojulikana, moja hadi mbili huishia hivi. Kijusi chako kilisimama kikiwa na ukubwa wa wiki saba. Kreti umeziinua wiki moja tu kabla ya skani, ukiwa kwenye wiki ya tisa. Hesabu mwenyewe.

Uliza kundi lako la damu. Kama ni hasi (Rh hasi, mfano O-), daktari anaweza kukuambia uchomwe sindano ya anti-D, ya kukinga mimba zijazo, ndani ya saa 72 baada ya kusafishwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linasema chini ya wiki 12 si lazima, lakini madaktari wengi bado wanaitoa. Usiogope ukisikia majibu mawili tofauti.

Ukishasafishwa utatoka damu kidogo kidogo siku kadhaa, hata wiki mbili. Tumia pedi, usiweke kitu ukeni, na tendo la ndoa lisubiri damu ikauke. Rudi hospitali mara moja, usiku wa manane ikibidi, ukijaza pedi kubwa mbili kwa saa moja na saa inayofuata ikawa vile vile, au ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu yasiyosikia dawa, au kizunguzungu cha kuanguka. Usipime mkojo wiki hiyo. Kipimo kinaweza kuonyesha mimba hata wiki tatu au nne baadaye na kikurudishe kwenye mawazo ya mtoto aliyejificha. Hedhi hurudi kati ya wiki ya nne na ya nane, lakini yai linaweza kutoka hata baada ya wiki mbili. Maana yake unaweza kushika mimba kabla hujaona hedhi. Kama hamko tayari, jikingeni. Mkiwa tayari, wengi husubiri hedhi moja ili tarehe zihesabike vizuri, na uanze tena vidonge vya foliki.

Mume wako. Wanaume wengi hudhani "utakavyoamua ni sawa" ni wema, kumbe wanamwacha mwenzao peke yake na mzigo wa wawili. Sidhani hajali. Nadhani hajui ashike wapi, na TV haimuulizi swali. Usimuulize tena "tufanye nini". Mpe kazi zenye majina: Jumatano tunakwenda skani saa tatu, wewe ndiye utakayesoma karatasi. Alhamisi uombe ruhusa, ukae nje ya mlango mpaka nitoke. Wewe ndiye utakayempigia mchungaji. Nunua pedi, zile kubwa. Akizianza hizo, maneno yatakuja yenyewe, pengine kwenye matatu mkirudi, pengine mwezi ujao. Na msipoweza wenyewe, hapa Nairobi kuna shirika la Still A Mum linalosaidia wazazi waliopoteza mimba na watoto. Hawatakuuliza mimba ilikuwa ya wiki ngapi ndipo wakuruhusu kulia.

Kazini huna haja ya kumsimulia meneja chochote. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi alete cheti cha daktari. Mwombe daktari aandike tu kwamba umetibiwa na unahitaji mapumziko, siku ngapi, na apige muhuri. Ukichukue Alhamisi kabla hujaondoka, maana kukirudia Jumatatu ni foleni nyingine, na huko mapokezi najua hutamani kurudi.